Kamera Ndogo, Usiku Mrefu wa Ngome Kongwe

Kabla hujakata tiketi ya boti, fanya jaribio hili nyumbani. Usiku, zima taa zote za sebuleni ubakize moja, weka muziki kwenye simu, mwombe mdogo wako acheze, umpige picha bila flashi. Ukikuta mikono imekuwa michirizi na uso umejaa chengachenga, usiikasirikie kamera. Mwanga wa aina hiyo ndio utakaokutana nao Ngome Kongwe saa nne za usiku, na heri uujue sasa kuliko bendi ikishapanda jukwaani.

Nazungumza na mtu mwenye kamera ndogo isiyo na kioo, anayekwenda Unguja mwezi wa Februari kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha la muziki la Ngome Kongwe. Tamasha hilo lilianza mwaka 2004, na sharti lake kubwa linajulikana: muziki upigwe mubashara, hakuna kuimba juu ya CD. Kwa mpiga picha sharti hilo ni neema. Vidole unavyoviona kwenye nyuzi ndivyo vinavyotoa sauti unayoisikia, na wanamuziki hutazamana kwa sababu wanahitajiana. Anayeimba kwa pleibeki hana haja ya kumgeukia mpiga ngoma, kwa hiyo hata picha zake hutoka za mtu mmoja mmoja.

Kamera zenyewe zimezoeleka sasa. Panasonic ilitoa Lumix G1 mwaka 2008, wengine wakafuata, na leo ni rahisi kukuta kijana na Sony a6000, Canon M50 au Fujifilm X-T30 iliyokwishapita mikono miwili mitatu. Zile kubwa za zamani zina kioo ndani kinachorusha taswira kwenye kitundu cha kuchungulia. Hizi hazina kioo. Kitundu chake ni skrini ndogo inayokuonyesha kile sensa inachokiona. Maana yake ni kwamba unaweza kuona picha ikiwa imeungua au imezama gizani kabla hujaipiga. Mchana wengi hawaoni faida yoyote hapo, lakini mbele ya jukwaa ambalo taa zake hubadilika kila mara, jambo hilo pekee linatosha kukufanya uache kamera ya kioo nyumbani.

Faida ya pili ni umbo. Sony a6000 ina gramu 344 ikiwa na betri na memori kadi. Ukiwa nayo mkononi katika vichochoro vya Mji Mkongwe unaonekana msafiri tu, na mlangoni walinzi hawakuulizi sana. Hata hivyo soma masharti ya tiketi kila mwaka, na kama unataka kusimama eneo la waandishi mbele ya jukwaa, omba kibali mapema. Kwenye matamasha mengi duniani wapiga picha waliopewa nafasi hiyo huruhusiwa nyimbo tatu za mwanzo tu, bila flashi, kisha hutolewa. Ukibaki na watazamaji wa kawaida una usiku mzima.

Kwenye lenzi nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Lenzi inayokuja ndani ya boksi, kwa mfano ile ya 16-50, hufunguka hadi f/3.5 ukiwa umetanua, lakini ukivuta hadi 50 inaishia f/5.6. Tundu la f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya lile la f/5.6. Ipeleke hesabu hiyo jukwaani. Mahali ambapo lenzi ya boksi inakulazimisha upige kwa 1/30 ya sekunde, lenzi ya f/1.8 inakupa 1/250 bila kugusa ISO. Kwa 1/30 mcheza ngoma ya msewe ni kivuli kilichopita. Kwa 1/250 unahesabu njuga miguuni.

Kwa hiyo nasema bila kupepesa macho: mwenye pesa ya kununua kitu kimoja anunue lenzi ya f/1.8 na abaki na kamera yake ya zamani. Kamera ya mwaka 2014 yenye lenzi hiyo itaipiga chenga kamera mpya yenye lenzi ya boksi, ilimradi jua limezama. Muuzaji hatakwambia hivyo. Na lile lenzi refu la 55-210 ambalo watu huliazima kwa ajili ya tamasha, liache. Ukilivuta hadi mwisho linabaki na f/6.3, yaani giza tupu, na Ngome Kongwe si uwanja wa mpira. Ukifika mapema unaweza kusimama hatua chache kutoka kwa mwimbaji.

Milimita 35 au 50? Kwenye kamera zenye sensa ya APS-C, kama hizo tatu nilizozitaja, 35 huona karibu sawa na jicho lilivyozoea kuona. Hiyo ndiyo ya safari nzima, mtaani na jukwaani. Ile ya 50 hubana zaidi na kumpendeza mwimbaji kuanzia kifuani kwenda juu. Kama unayo ile ya boksi kwa ajili ya mandhari ya mchana, chukua 50. Kama unaondoka na moja tu, chukua 35 na usogee kwa miguu.

Ukinunua lenzi iliyotumika, hasa iliyokaa pwani, ielekeze kwenye tochi ya simu na uchungulie kutoka upande wa pili. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu unaoota kwenye unyevunyevu. Hautoki kwa kufuta. Rudisha.

Mchana wa Mji Mkongwe

Vitabu vya kupiga picha hukuambia ulale saa za adhuhuri, ungoje jua la jioni. Ufukweni ni kweli. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na Februari jua la mchana linakaa karibu kabisa juu ya utosi. Macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Lakini ingia vichochoroni saa hiyohiyo. Jua hupiga sehemu ya juu ya kuta zilizopakwa chokaa, mwanga ukaruka kutoka ukuta hadi ukuta ukishuka, na unapomfikia mzee aliyekaa barazani umeshalainika. Hakuna kivuli kikali, na rangi ya ngozi inatoka ilivyo. Saa sita hadi saa tisa ni wakati wangu mzuri kuliko wote katika mitaa hiyo, na ni wakati ambao wapiga picha wengine wamelala hotelini.

Ukutani hapo kamera itakudanganya. Ikiona chokaa nyeupe au kanzu nyeupe imejaa kwenye picha, hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, na uso wa mtu mweusi aliye mbele unazama. Ongeza kwa gurudumu la +/- hadi +1, tazama skrini, urekebishe.

Kuhusu watu, adabu inatangulia kamera. Toa salamu kamili, shikamoo kwa anayestahili, ujibu unakotoka. Pale Jaws Corner, kijiwe cha Mji Mkongwe, wazee hukaa kunywa kahawa na kucheza bao. Kaa, agiza kikombe, kamera ikae mapajani ikionekana. Baada ya maongezi kidogo sema, "Mzee wangu, naomba nikupige picha." Akikataa, mshukuru na uendelee na kahawa yako. Akina mama wengi hawapendi kupigwa picha, na kumvizia mtu mwenye buibui kwa mbali ni ukosefu wa heshima hata kama uso hauonekani. Usipige ndani ya msikiti bila ruhusa. Bandarini, kambi za jeshi, vituo vya polisi na ikulu, kamera ibaki ndani ya mkoba. Beit al-Ajaib, nyumba aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, ipige kutoka mbali kidogo na bila kuvuka uzio.

Jioni njoo bustani ya Forodhani, kando ya bahari. Februari jua huzama saa moja kasorobo hivi, na kwetu huku magharibi haina subira. Ndani ya nusu saa mbingu imeshakuwa nyeusi. Vijana huruka baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, wakijipinda hewani kwa mbwembwe. Weka 1/1000, pima mwanga wa anga lenye rangi, waache wao wawe vivuli vyeusi. Picha inapendeza na sura za watoto wa watu hazianikwi. Kwenye mabanda ya mishkaki na juisi ya miwa ukiona picha moja ina mwanga na inayofuata haina, sababu ni umeme wenyewe: unakwenda kwa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shusha shata hadi 1/100 au 1/50, tatizo litaisha.

Ndani ya ngome

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Omani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoka. Kuta zake za mawe ni za rangi ya kahawia na zinameza mwanga. Nyuma ya mwimbaji mara nyingi hakuna kitu ila weusi, na hapo kamera hufanya kosa lililo kinyume na lile la ukutani mchana: inaona giza tele, inaongeza mwanga, uso unaungua na kuwa bapa la njano. Watu wengi wamefundishwa kwamba ngozi nyeusi siku zote iongezewe mwanga. Jukwaani usiku inataka kupunguziwa. Anza na -1, na kama taa ya mbele ni kali nenda hata chini ya hapo. Jasho kwenye paji la uso likianza kung'aa lenyewe bila uso kugeuka mweupe, umefika.

Mipango mingine iweke ukiwa bado mlangoni, kwenye mwanga. Gurudumu kwenye M. Tundu f/2. Shata 1/250. ISO iachie kamera yenyewe lakini iwekee ukomo wa 6400. Faili ziwe RAW, kwa sababu nitakazozieleza mbele kidogo. Zima kitaa cha chungwa kinachosaidia fokasi, maana kinampiga mwimbaji machoni, zima mlio, punguza mwanga wa skrini ya nyuma ili usimkere aliyesimama nyuma yako. Flashi isahau kabisa. Haifiki, inaua rangi za jukwaa, na inamuudhi msanii.

Wenye kamera mpya hupenda shata ya kimya. Kwa taarabu ya polepole inavutia, lakini chini ya taa za LED shata hiyo ya kielektroniki huchora mistari ya giza na mwanga picha nzima. Tumia shata ya kawaida. Mlio wake hautasikika mbele ya spika. Ukikaa karibu na spika hizo, tia vizibo masikioni.

Kasi ya 1/250 si amri. Mpiga ngoma au mchezaji anayeruka anataka 1/500. Mwimbaji wa taarabu asilia husimama karibu bila kusogea, na 1/125 inamtosha. Kazi yote iko mikononi na machoni, basi mfuate hapo. Na kuna ujanja ambao hauhitaji kifaa kipya. Mtazame mpiga fidla. Upinde wake unakwenda mbio katikati ya mvuto, lakini unapofika mwisho na kugeuka, kuna nukta ya wakati ambapo umesimama kabisa. Mkono wa mpiga dumbaki nao husimama juu kabla haujashuka. Ukibonyeza nukta hiyo, hata 1/60 inatoa picha kali. Kwa kuwa midundo hujirudia, sikiliza duru mbili tatu bila kupiga, hesabu kimoyomoyo, kisha bonyeza kabla kidogo ya mahali ulipotarajia. Mwenye kuujua wimbo anamshinda mwenye kamera ya picha ishirini kwa sekunde, na mimi hilo nalishikilia hata nikibishiwa. Kwenye kidumbaki, ambapo fidla inakwenda na vingoma viwili na besi ya sanduku, zoezi hili ni tamu, kwani mwendo ni wa kasi lakini unarudi palepale.

Mahali pa kusimama pia pana hesabu yake. Waimbaji wengi hushika maiki kwa mkono wa kulia. Ukiwatazama, mkono huo uko upande wako wa kushoto. Basi simama kulia kwa jukwaa, ili uso uonekane bila ngumi mbele yake. Usipige anapoimba neno lenyewe, kwa kuwa maiki imeziba mdomo. Subiri mwisho wa mstari, anaposhusha maiki na kuvuta pumzi. Nyuso nzuri hutokea hapo, si kwenye sauti ya juu ambako watu wote hukimbilia.

Kwenye taarabu usimkodolee macho mwimbaji peke yake. Wimbo ukimgusa mtu, atainuka, atakuja mbele akicheza taratibu, noti mkononi, amtuze. Tukio zima halichukui muda mrefu. Utamjua mapema: anarekebisha mtandio, anafungua pochi, anamnong'oneza jirani. Jiandae huku bado amekaa, ulenge kwa mbali kidogo ili picha ibebe wote wawili, mtoaji na mpokeaji, na mikono inavyokutana. Fahamu tu kwamba kutuza kunaweza kuwa na ujumbe kwa mtu mwingine aliyeko ukumbini. Picha ya namna hiyo usiirushe mtandaoni bila kuuliza. Hilo ni la jukwaa la wazi. Sherehe za wanawake peke yao, kuanzia unyago hadi taarabu za arusini majumbani, si mahali pa kamera yako hata kidogo, labda wenyewe wakuite.

Turudi kwenye RAW. Mafundi taa hupenda buluu kali na nyekundu kali, na chini ya taa nyekundu tupu uso hupoteza umbo, unabaki rangi moja. Faili la JPEG limeshatupa kilichokuwa kinaweza kuokolewa. RAW inakuacha upunguze nyekundu, urudishe mashavu na pua, na ikishindikana kabisa uigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe, ambako rangi mbaya haina tena madhara. Lakini dawa ya kwanza ni kusubiri. Taa za jukwaa zina mzunguko, na ndani ya wimbo mmoja nyeupe au ya manjano itapita juu ya mwimbaji. Ipite ukiwa tayari.

Betri, chumvi na jasho la lenzi

Ukubwa mdogo una gharama yake, nayo ni betri. Ile ya a6000 imepimwa kiwandani kwa picha 310 hivi ukitumia kitundu cha kuchungulia. Usiku mmoja wa bendi nne unaimaliza. Beba tatu, ziweke mfuko wa mbele, zilizokwisha geuza upande usizichanganye. Kamera nyingi za aina hii huchajiwa kwa waya wa simu, kwa hiyo pawabanki ya kawaida inatosha. Umeme wa Unguja hupita kwa nyaya chini ya bahari kutoka Bara, na wenyeji hawajasahau giza la miezi mitatu hivi lililoanza Desemba 2009. Chaji unapopata tundu la ukutani, usingoje kurudi kulala.

Kwenye boti kutoka Dar, safari ya kama saa mbili, ukitaka kupiga picha kwenye sitaha ujue marasharasha ya bahari yanakufuata. Ukifika, futa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Kioo cha lenzi kipulizie kwanza, ukifute mwisho. Usibadilishe lenzi ufukweni.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wageni wa pwani. Chumba cha hoteli kina kiyoyozi, nje joto na unyevu. Ukitoa kamera ghafla lenzi inatoa jasho, na picha zote za kwanza zinakuwa na ukungu. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado chumbani, toka nayo, uiache nusu saa ipate joto taratibu. Kwa tamasha linaloanza jioni, itoe unapokwenda kula.

Picha zikishapigwa, usifute chochote kwenye kamera usiku ule. Macho yamechoka na skrini ni ndogo. Nakili zote mahali pa pili kabla ya kulala. Asubuhi chagua chache, kwa ukali, kwa kila msanii mbili au tatu. Kisha, kama uliahidi kumtumia mtu picha yake, timiza ahadi. Kamera hizi nyingi zina Wi-Fi, picha inahamia kwenye simu na kutoka hapo kwenye WhatsApp ya yule mzee wa barazani au mpiga fidla aliyekupa namba. Kabla ya kuituma, muulize anavyoandika jina lake na la kikundi chake, yeye mwenyewe akuandikie. Majina ya vikundi vya Unguja yanafanana sana, na gazeti likija kuitaka picha hiyo miaka mitatu baadaye, swali la kwanza litakuwa nani huyu, siku gani, na jukwaa gani.